Sauti ya Juu si Makelele

Katika kwaya yetu wako wadhanio kwamba noti ya juu hupatikana kwa kupiga makelele. Mimi sikubali. Do ya chini ikiwa ni mitikisiko 260 ya nyuzi za sauti kwa sekunde, do ya juu ni 520. Nyuzi hupata kasi hiyo kwa kuvutwa zikawa nyembamba, wala si kwa kusukumiwa pumzi nyingi. Basi tusimame wima, tuvute pumzi mpaka mbavu zitanuke, tulegeze taya na shingo, kisha tuitoe pumzi kidogo kidogo. Na mvulana ambaye sauti yake inageuka kuwa nzito asilazimishwe kuimba sauti ya kwanza. Walimu wetu, mpeni sehemu ya chini. Koo likiharibika haliuzwi dukani.