Wakili Anataka Affection

Mpenzi msomaji, usishtuke, sikutongozi. Kwetu mtangazaji wa redio husalimu nchi nzima kwa "wapenzi wasikilizaji" na hakuna mume anayekimbilia kuzima redio. Shabiki wa Simba au Yanga ni mpenzi wa timu. Tangazo la msiba husema marehemu ametutoka kwa mapenzi ya Mungu, na hapo mapenzi si hisia hata kidogo, ni matakwa. Ukimwambia mtu "ukipenda, njoo kesho", humwombi akupende. Neno moja, mizigo kibao! Na hapa Tyseley nimeona mzigo huo ukimwelemea mtu.

Jirani yangu, mtu wa Tanga, anabeba boksi usiku kwenye ghala. Anataka kumleta mkewe. Sharti la kipato, ambalo Aprili 2024 lilipanda kutoka pauni 18,600 hadi 29,000 kwa mwaka, amelifikia kwa kukesha. Kilichomkwamisha ni kitu kingine. Kanuni za uhamiaji za Uingereza zinataka uhusiano uwe wa kweli na unaoendelea, kwa hiyo watu huambatanisha picha, risiti za kutuma hela na mazungumzo ya simu. Naye akachapa meseji zao za WhatsApp, akamlipa mfasiri, akazipeleka kwa wakili. Wakili akazipitia, akasema: "Sioni affection hapa."

Jirani akaniletea nizione. Mume: "Mama watoto, umekula?" Mke: "Nimekula. Homa ya mtoto imeshuka. Bati linavuja tena." Mume: "Pole. Nimetuma, kachukue." Mke: "Mungu akuzidishie. Vaa koti." Kurasa 40 za namna hiyo. "Nakupenda" haimo hata moja!

Jamani, mimi nilisoma nikaona haya, kama niliyechungulia chumbani kwa watu. "Vaa koti" kutoka kwa mwanamke ambaye hajawahi kuona theluji! Anaijua baridi ya Birmingham kwa kumsikia mumewe akikohoa. Lakini kwa Kiingereza imekuwa kama kibao cha usalama kazini. "Pole" imegeuka ombi la msamaha, utadhani mume ndiye aliyetoboa bati. Na "mama watoto", ambayo kwetu ni heshima na mahaba kwa pamoja, imetoka kama mtu anayemwita mpita njia asiyemjua jina.

Wakili akamshauri aanze kuandika maneno matamu. Akatii. Usiku huo akaandika "nakupenda sana". Dakika mbili hazijapita, simu ikalia: "Kuna nini? Unaumwa? Wamekufukuza kazi?" Nilicheka sana, halafu nikakumbuka kwamba katika vitabu vya zamani vya udaktari vya Kiingereza, affection ni ugonjwa: affection ya mapafu, affection ya ngozi. Mama wa watu hakukosea sana.

Wapo wenzetu chuoni wanaosema eti kosa ni letu, Mwafrika hajui kuonyesha mapenzi, ajifunze kwa Mzungu. Sikubali. Muuzaji wa duka hapa Birmingham anakuita "bab" huku akikurudishia chenji, na hakuna anayeipeleka "bab" hiyo uhamiaji kama ushahidi. Na maneno sisi hatuna uhaba nayo. Upendo tunahubiriwa. Huba na mahaba tuliyapata kwa Waarabu, na mtu mzima hayatamki ovyo mbele ya wakwe. Huruma ipo. Mtu wa pwani akisema fulani ana imani, huenda hazungumzii dini bali moyo wake mwema. Ndugu zetu wa Goma na Bukavu wanasema mapendo. Ni kwamba maneno makubwa tumeyafungia kabatini pamoja na vyombo vya wageni, na kazi ya kila siku inafanywa na haya madogo: pole, umekula, umefika salama.

Sisemi kila anayeandika "nimetuma" ana mapenzi. Kuna waume huku wamejificha nyuma ya neno hilo miaka mitano, hela inakwenda na sauti haiendi, na mke kule anajua kabisa. Lakini huyo hatagundulika kwa kuhesabu "I love you". Atagundulika kwa sababu hajui kwamba mtoto alikuwa na homa.

Jirani alitaka niingize "darling" mbili tatu kwenye tafsiri. Nikamkatalia, hiyo ni kughushi, na ikishikwa inaharibu faili zima. Tuliandika ukurasa mmoja wa maelezo: pole ni nini, kwa nini mke anaitwa mama watoto, kwa nini swali la chakula linaulizwa kila siku saa ileile. Wakili aliusoma mara mbili, akauweka juu ya faili. Majibu bado.

Basi napendekeza (naam, hata kupendekeza ni mtoto wa kupenda) chama chetu kitenge Jumamosi moja kwa mwezi tukawasaidie watu kuandika maelezo kama hayo. Kazi ya kisheria tuwaachie mawakili. Sisi tueleze lugha tu, na awepo mtu wa Mombasa, wa Dar na wa Bukavu, maana Kiswahili cha meseji hakifanani. Hapa Tyseley peke yake nawajua wanne wenye mafaili ya aina hiyo, na mmoja tarehe yake ni mwezi ujao.