Msiagize vitamini D kwa ajili ya kumbukumbu za wazee

Ndugu zangu mlioko nyumbani,

Maombi ya vidonge vya vitamini D yanayotufikia huku Uingereza mara nyingi huambatana na habari za mzee aliyeanza kusahau. Hofu hiyo ni ya haki, maana mzee asiyewatambua wanawe ni msiba wa nyumba nzima. Hata hivyo nawasihi msiweke tumaini lenu kwenye vidonge hivi. Uvumi kwamba vinazuia usahaulifu wa uzeeni una chimbuko la kweli: utafiti wa 2014, uliofuatilia wazee 1,658 wa Marekani, ulikuta waliopungukiwa sana na vitamini hiyo wana hatari ya dimensia zaidi ya mara mbili. Lakini maradhi haya huanza kimyakimya miaka mingi kabla ya kutambuliwa, na anayedhoofika hutoka nje kwa nadra na hula kidogo. Huenda basi upungufu ukawa dalili ya ugonjwa, wala si chanzo chake. Jaribio la VITAL la Marekani, lenye watu zaidi ya 25,000, liliwagawa kwa kura, hawa vidonge halisi, hawa vya bandia. Waliopimwa kumbukumbu miongoni mwao hawakutofautiana.

Mtasema wengi wao hawakuwa na upungufu tangu mwanzo. Kweli kabisa, na hoja hiyo bado haijafungwa. Mama anayeshinda ndani ya ghorofa Kariakoo anaweza kupungukiwa hata kwenye jua la Dar es Salaam. Apimwe damu, na akikutwa na upungufu atibiwe, kwa faida ya mifupa yake. Ila anayeshinda nje juani hana haja hiyo: Wamasai na Wahadzabe waliopimwa Tanzania walikuwa na wastani wa nanomoli 115 kwa lita, ilhali 50 huhesabiwa kuwa zinatosha. Sisi huku tunameza vidonge hivyo kwa sababu kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua ni hafifu mno, na ushauri wa serikali wa maikrogramu 10 kwa siku unahusu mifupa na misuli. Kuzidisha dozi kwa muda mrefu hupandisha kalisi kwenye damu na kuumiza figo.

Jopo la jarida la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya dimensia. Vitamini D haimo. Presha imo, kisukari kimo, uziwi, macho mabovu, sigara, upweke. Kwa hiyo mnapoandika maagizo ya safari ijayo, ombeni mashine ya kupimia presha, tumeni vipimo vya miwani ya baba, na mtuambie kama mama bado anasikia anapoitwa kutoka chumba cha pili.