Moyo tunao, tupeni saa

Kila shirika linalofika Palma lina wimbo mmoja: kijana akijituma, atafanya kazi na kusoma kwa pamoja. Eti tatizo letu ni moyo. Mimi ni wa Nhica do Rovuma, nafanya kazi ya umeme, na nakataa. Moyo tunao. Kinachokosekana ni saa, na saa za mtu aliyeajiriwa ni mali ya mwajiri wake.

Hebu tuhesabu. Sisi wa Nhica tuliopata kazi upande wa Afungi wengi tumepanga vyumba Palma. Saa kumi alfajiri uko macho unasubiri gari. Saa kumi na mbili uko kazini. Jioni saa kumi na moja unatoka, unafika chumbani giza, bado hujapika, hujafua, na mama kapiga simu kutoka nyumbani anaomba ya unga. Siku sita kwa wiki. Sasa niambie hesabu za uhandisi unazisoma saa ngapi? Na usinijibu usiku. Mtu ambaye hajalala halafu kesho anashika nyaya za umeme mkubwa, huyo hatuhitaji kumsifu kwa juhudi. Huyo atakufa, au ataua mwenzake.

Chuo chenyewe kiko wapi? Kitivo cha Uhandisi cha UniLúrio kiko Pemba. Kutoka Palma kwa gari ni Mocímboa da Praia, Macomia, halafu bado unaendelea, na kwenye N380 mambo yakichafuka magari yanasubiri msafara wa askari. Hakuna mtu wa kwenda darasani Pemba jioni na kurudi kazini asubuhi.

Mimi niliwahi kuomba niachiwe Ijumaa mchana tu, kwa kozi ya miezi michache, wala siyo digrii. Msimamizi wangu, wa kampuni ndogo yenye tenda, hakukasirika hata kidogo. Alicheka tu: "Chagua, kijana. Kazi au shule." Nilichagua kazi, kama ambavyo kila mwenye wadogo wanne angechagua. Kwenye karatasi naitwa ajudante. Ni neno zuri kwa miaka miwili. Kuna wazee wa miaka hamsini nao ni ajudante, na injinia mpya akifika, wao ndio wanamwonyesha waya upi unakwenda wapi.

Najua mtasema sheria ipo. Ipo kweli. Sheria ya Kazi ya Msumbiji ya 2007 ilimtambua mfanyakazi anayesoma, ikampa haki ya kwenda kufanya mtihani bila kukatwa mshahara, mradi atoe taarifa siku saba kabla. Asante. Lakini ni mfanyakazi aliyeruhusiwa na mwajiri kusoma, na hiyo haki ni ya siku ya mtihani. Darasa linalokufikisha kwenye mtihani utajua mwenyewe.

Kwingine wamelifikiria vizuri zaidi. Uingereza, tangu 2015, kuna uanagenzi wa digrii: kijana anaajiriwa, analipwa mshahara, ada hailipi yeye, na masomo ni lazima yawe ndani ya saa za kazi zinazolipwa. Akimaliza ana digrii kamili. Sisemi huko ni peponi, nako wanachoka, nako wengine wanaacha njiani. Ila hakuna anayemwambia mtu asome kwa saa za usingizi wake. Ng'ambo ya mto, Tanzania, bodi ya wahandisi ina mpango wa uanagenzi tangu 2003, miaka mitatu chini ya injinia mzoefu, lakini huo ni wa aliyekwisha kumaliza digrii. Kinachotufaa zaidi ni cha VETA: fundi aliyejifunzia kazini anapimwa, anapewa cheti kwa kile anachokijua. Wale wazee wa hamsini hapo wangeondoka na karatasi. Sisi vyeti vyetu viliungua pamoja na nyumba.

Mtu ataniambia kuna ufadhili wa DAFI, wa UNHCR na Ujerumani, tangu 1992. Ni mzuri, umesomesha wengi. Lakini ni wa mkimbizi aliyevuka mpaka na kutambuliwa. Mimi ni deslocado, nimekimbia ndani ya nchi yangu. Wenzangu waliojaribu kuvuka Rovuma mwaka 2021 walirudishwa kwa maelfu kupitia Negomano. Kwa hiyo ile ahadi ya asilimia 15 ya wakimbizi kufika elimu ya juu ifikapo 2030, kwenye hesabu hiyo sisi hatumo.

Na nyinyi wa mashirika, niwaambie kwa heshima. Kozi za wiki chache, fulana, cheti na sanduku la vifaa zimetosha. Tumejaa mafundi nusu. Mnahesabu vichwa vilivyohitimu, picha zinapigwa, halafu kijana anauza sanduku anunue mchele. Mimi simlaumu.

Haraka yangu ina sababu. Mradi ulisimama Aprili 2021 baada ya Palma kushambuliwa, na zuio likaondolewa Novemba 2025. Kampuni inasema gesi ya kwanza itatoka 2029. Kujenga kunataka mikono mingi. Kiwanda kikishawaka kinataka watu wachache, na wachache hao ni mainjinia na mafundi wenye vyeti. Digrii ya uhandisi ni miaka minne, mitano, na kwa anayefanya kazi ni zaidi. Anayeanza leo tayari amechelewa. Asiyeanza atabaki na biskato, akilinda geti la kiwanda alichokijenga.

Wala hakuna jipya la kubuni. Wataalamu wa kigeni kwenye kazi za gesi huingia kwa zamu, mara nyingi wiki nne kazini na wiki nne nyumbani. Mbona hapo saa zinagawanyika? Zamu hiyohiyo ipewe vijana wa wilaya: wiki kadhaa Afungi, wiki kadhaa Pemba darasani, mshahara hata uwe mdogo lakini usikatike. Kampuni kubwa iandike sharti hilo kwenye tenda, ili yule wa chini asipate nafasi ya kucheka. Wala hatuombi digrii nyepesi. Hesabu zibaki ngumu vilevile, mtihani uleule wa watoto wa Maputo.

Basi mkija na fomu zenu za tathmini, pale penye "idadi ya vijana waliofunzwa" ongezeni mstari mmoja chini yake: mwajiri ameachia saa ngapi kwa wiki, na ametia saini nani?