Mnyama wa Mchawi Mchezoni: Sahibu au Chombo?



Uko mchezo uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, uitwao Dungeons & Dragons. Watu hukaa mezani. Mmoja huwa mwendesha mchezo, naye husimulia. Waliobaki kila mmoja hujifanya mtu wa hadithi, huyu askari, huyu mwizi, huyu mchawi. Na dado huamua jambo limefaulu au halikufaulu. Hukumu ya dado na ya kujifanya mchawi ina mahala pake, wala leo siko huko. Leo nataka tuzungumze juu ya mnyama.

Mchawi wa mchezo huu huweza kuwa na mnyama wa kufuatana naye. Kwa kanuni zilizotolewa mwaka 2014, huchoma makaa, ubani na majani ya thamani ya vipande 10 vya dhahabu katika chetezo cha shaba, ikaja roho kwa umbo la paka, bundi, kunguru, chura au hata pweza. Kanuni zasema kuwa mnyama huyo hutenda kwa nafsi yake, lakini daima humtii bwana wake. Akiuawa hutoweka, bwana akimtaka tena, hutoa dhahabu nyingine 10.

Basi wako wachezaji walioshika nusu moja ya kanuni hiyo, ile ya utii, na ile ya nafsi wakaitupa. Bundi wao hana jina, hapendi kitu wala haogopi kitu. Ukionekana mlango wa kutiliwa shaka, hutangulizwa yeye ili mtego umnase yeye. Akifa, hapana asemaye hata "maskini". Na ukiwauliza, jawabu yao ni: "Huyo ni chombo tu, kumpa tabia ni kupoteza wakati."

Maneno haya hayasimami, kwa sababu tatu.

Kwanza, na watazame asili ya mnyama wao. Ametoka katika kesi za uchawi za Uingereza. Mwaka 1566, mjini Chelmsford, alinyongwa mwanamke aitwaye Agnes Waterhouse, kwa mashitaka ya uchawi ambamo alitajwa paka wake aitwaye Sathan. Paka huyo wa mashitaka alikuwaje? Akitumwa kudhuru, hudhuru. Ujira wake tone la damu. Haulizi kwa nini. Basi mwenye kukataa kumpa mnyama wake moyo, asidhani kuwa amekimbia upuuzi. Amemrudisha kule kule kwenye paka yule.

Pili, wasema kuwa mnyama mwenye nafsi yake hana faida. Hatufananishi Qur'ani na mchezo, lakini ni nani asiyejua khabari ya Hudihudi? Alikosekana katika jeshi la Nabii Sulaiman bila ya ruhusa, akaahidiwa adhabu, kisha akarudi na khabari ya Sabaa ambayo mfalme hakuwa nayo. Lau angalikuwa chombo, angalikaa pale alipowekwa, na khabari ile asingaliileta.

Tatu, na hili ndilo kubwa. Katika hadithi za Unguja alizozipiga chapa Edward Steere mwaka 1870 kimo kisa cha Sultani Darai. Maskini mmoja aliyekuwa akichakura jaani alimnunua paa kwa thumuni. Paa yule alimwoza binti wa Sultani na akamwulia nyoka wa vichwa saba. Alipougua, bwana akaona uji wa mtama wamtosha, ilhali nyumba imejaa neema. Paa akafa, akatupwa kisimani. Na bwana akaamka yuko jaani, anachakura kama zamani. Wazee wetu walimpa paa ulimi na hisia ili msikilizaji aone haya mbele yake. Utamwonea haya nani, ikiwa mnyama hana moyo wa kuvunjika?

Watasema: "Mnyama akiwa na maneno mengi ataiba hadithi ya wenziwe." Kweli, na dawa yake ni kiasi. Apewe jina, kitu kimoja akipendacho, kimoja akiogopacho, na jambo moja ambalo hatalitenda mpaka aulize sababu. Utii haumzuii kuuliza, kununa wala kukumbusha. Na ulimi wake awe nao mwendesha mchezo, si bwana wake. Kwani bwana akiwasemea wote wawili, atakuwa ajiuliza na kujijibu.

Mchezo utakwisha na dado zitarudi mfukoni. Lakini kijana aliyezoea kuamrisha pasi na kushukuru, mazoea hayo huondoka nayo mezani, akayapeleka kwa mdogo wake na kwa mtumishi wa nyumbani. Basi wewe ambaye mwanao aucheza, usimwulize ameshinda mara ngapi. Mwulize bundi wake aitwaje, na alipokufa nani aliyemsikitikia. Akikosa la kusema, mkalishe umsimulie kisa cha Paa.

Wabillahi tawfiq.