Karela ni ya Sufuria, Si ya Glasi

Karela, ile mboga chungu ya kijani, imepatwa na balaa la kusifiwa kupita kiasi. Itaje tu mbele za watu, hutaulizwa utaipikaje. Utaulizwa sukari yako imefika ngapi. Watu wanaisaga mbichi, wanaikamua, wanaziba pua na kugugumia glasi nzima asubuhi, wakiamini kisukari kitakimbia. Wapo hata wanaotupa vidonge vya daktari. Jamani, tusifike huko!

Imani hiyo haikuzuka bure. Mwaka 2011 watafiti wa Thailand waliwapa wagonjwa wapya wa kisukari miligramu 2,000 za karela iliyokaushwa kila siku. Sukari ilishuka, ila kidogo kuliko kwa wenzao waliomeza metformin, dawa ya kisukari. Mwaka uliofuata, wataalamu wa Cochrane, mtandao unaochambua tafiti za tiba, walipitia majaribio manne yenye watu 479, wasione ushahidi wa kutosha wa kuiita tiba.

Tuile kwa nini basi? Kwa sababu ni mboga, tena mboga njema. Gramu 100 za karela mbichi zina kalori 17 hivi, na vitamini C nyingi kuliko chungwa la uzito huohuo; kuna foleti, kuna nyuzinyuzi. Na faida yake kubwa kwa mwenye kisukari, kwa maoni yangu, ni nafasi inayoichukua sahanini: penye karela ya kutosha, wali hupungua. Anayekunywa glasi ya karela kisha akashindilia sahani mbili za wali wa nazi anamdanganya nani?

Mtasema ni chungu. Ni chungu kweli! Lakini sisi si ndio tunaokula mnavu na nyanya chungu, na jioni tukakaa barazani na kahawa isiyo na chembe ya sukari? Ulimi wetu haukulelewa kwa asali peke yake. Chagua karela changa, ya kijani, kabla haijageuka manjano. Ipasue, toa mbegu, ikate vipande vyembamba, inyunyizie chumvi na uiache kidogo, kisha isuuze na kuikamua. Kaanga vitunguu kwa mafuta kiasi, tia bizari, nyanya na ukwaju, ndipo uiingize karela. Usiipike ikarojeka, maana moto mwingi huila vitamini C. Na wale wanaoizamisha kwenye karai la mafuta mpaka iwe kama chipsi, wajue wanakula mafuta.

Mama mjamzito asiiguse karela kama dawa, hasa maji yake na mbegu. Mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali isiyo ngeni katika nchi zetu za malaria, aziepuke mbegu kabisa, kwani zaweza kumvunjia chembe za damu. Na wewe unayetumia dawa za kisukari, ukienda kliniki mwambie daktari kwamba unakula karela, na kiasi gani, maana vyote viwili pamoja vinaweza kuishusha sukari kupita kiasi.