Ndhiwa Haikuokolewa na Matamko

Kijana anayemaliza kidato cha nne Ndhiwa, kaunti ya Homa Bay, leo anafundishwa imani moja na walimu wengi. Kwenye simu kuna mhamasishaji anayemwambia kwamba kila anachokitaka tayari kimo ndani yake, na kwamba akiirudia nafsi yake ya kweli na kupandisha mitetemo yake, ulimwengu utamletea. Jumapili mhubiri anamtaka atamke gari, nyumba na viza, kisha apande mbegu, yaani atoe sadaka. Naye binamu aliyejipata Nairobi anampigia simu kumwonya aache fikra za kimaskini. Wote wanasema maisha ya mtu huanzia na kuishia ndani ya kichwa chake. Huo ni uongo, na hakuna mahali Kenya penye sababu nzito za kuukataa kuliko hapa kwetu.

Mwaka 2012 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, pamoja na kituo chake cha utafiti, Epicentre, lilipita nyumba kwa nyumba Ndhiwa likiwapima watu. Karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne alikutwa na virusi vya UKIMWI. Miongoni mwa wote waliokuwa navyo, asilimia 40 tu ndio ambao virusi vyao vilikuwa vimedhibitiwa. Utafiti uliporudiwa mwaka 2018, walikuwa wamefika asilimia 88. Kwa miaka sita, kaunti ndogo ya wakulima, yenye barabara za udongo zisizopitika masika, ilifanya jambo ambalo miji yenye hospitali kubwa duniani ilikuwa bado inalitafuta.

Lilifanywaje? Kwa vidonge vya kudhibiti virusi, kwanza kabisa. Hospitali ya Homa Bay ilianza kuvitoa mwaka 2001, wakati Kenya nzima vilipatikana kwa wenye pesa tu. Baadaye matibabu yakasogezwa hadi zahanati za vijijini, ili mgonjwa wa Kanyikela au Kabuoch asilazimike kupoteza siku nzima na nauli kufuata dawa mjini. Wauguzi wakafundishwa kazi ambayo awali ilikuwa ya daktari peke yake. Watu wakakubali kuchomwa kidole mbele ya mlango wao wenyewe. Na wako akina mama waliosimama mbele ya wenzao, katika vijiji ambako aibu ilikuwa ikiua kabla ya ugonjwa, wakasema wazi kwamba wanaishi na virusi na wanameza dawa. Hao ndio waliowavuta wengine kliniki.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililotoka ndani ya mtu. Asiyejua hali yake angeweza kukaa kando ya Mto Riana mwaka mzima akiisikiliza sauti ya moyo wake, na sauti hiyo isimwambie chochote kuhusu damu yake. Ukweli wake ulikuwa mkononi mwa mtu mwingine, kwenye kipande cha karatasi cha kupimia. Ilimbidi amruhusu mgeni aingie, amwambie asilotaka kusikia, kisha akubali kufuatiliwa mwezi baada ya mwezi.

Mafundisho ya kutamka yanamtenda nini mgonjwa kama huyo? Wahudumu wa kliniki za Nyanza wamesimulia kwa miaka habari za wagonjwa walioacha vidonge kwa kuwa waliambiwa wamepona kwa imani, na kwamba kuendelea kumeza ni kukiri ugonjwa. Dawa ikikatizwa, virusi hurudi kwenye damu ndani ya wiki chache. Havingoji kujua mtu ana imani kiasi gani. Mgonjwa akidhoofika tena, aliyemhubiria hana la kujibu, kwa sababu mafundisho yenyewe yamekwisha kumtafutia mkosaji: mgonjwa hakuamini vya kutosha.

Hapo ndipo ninapokasirika hasa. Imani hii imejengwa isiweze kushindwa. Ukifanikiwa, sifa ni zake. Ukianguka, kosa ni lako. Haikuzaliwa Ndhiwa wala si ya kale kama inavyojidai. Napoleon Hill aliwauzia Wamarekani kitabu cha kuwaza na kutajirika mwaka 1937, nchi yao ikiwa bado katika mdororo mkubwa wa uchumi. Kenneth Hagin akaeneza mafundisho ya kukiri kwa imani makanisani. Mwaka 2006 Rhonda Byrne wa Australia akalitoa wazo hilohilo kama filamu na kitabu, likiitwa siri. Limetufikia sisi kwa bando za intaneti na vipaza sauti, limevaa jina la kujitambua, na anayetajirika kwa uhakika ni yule anayelifundisha.

Nitaambiwa kwamba mtu bila tumaini hasogei. Ni kweli, na sina ugomvi na tumaini. Hata kumeza kidonge kila jioni kwa miaka ni kazi ya mtu anayeitarajia kesho. Lakini kutarajia na kujiotea si jambo moja, na tofauti yake imepimwa. Gabriele Oettingen na Doris Mayer waliwafuatilia wahitimu wa chuo kikuu Ujerumani na kuchapisha matokeo yao mwaka 2002. Wale waliojiona mara nyingi katika ndoto tamu za kazi nzuri walikuja kupata nafasi chache na mishahara midogo kuliko wenzao. Waliotegemea kufaulu kwa sababu walijua uwezo wao na rekodi yao, hao walifanya vizuri. Maelezo ya Oettingen ni kwamba akili inayoonja ushindi mapema hulegea, na mwili hulegea nayo. Mtoto wa Ndhiwa aliyeambiwa aione kazi yake kwa macho ya ndani kila asubuhi anafundishwa kulegea.

Tuache hospitali, twende shambani. Miwa hukaa ardhini mwaka mmoja na nusu au zaidi. Kwa muda huo wote mkulima amekopa mbolea na mbegu, amelipa palizi, amesomesha watoto kwa deni. Ikikomaa, maisha yake yako mikononi mwa anayepanga zamu ya kuvuna, mwenye trekta, mpima uzito kwenye mizani na mwenye kiwanda. Ikichelewa kuvunwa inapoteza ubora; ikikatwa na kuachwa juani inapoteza uzito, naye hulipwa kwa tani. Wakulima wa ukanda wa kiwanda cha sukari cha SONY, Awendo, wamedai malipo yao miaka nenda miaka rudi. Mwaka 2025 serikali ilikikodisha kiwanda hicho, pamoja na vile vya Nzoia, Chemelil na Muhoroni, kwa wawekezaji binafsi kwa miaka 30. Uamuzi huo ulifanywa mbali na shamba lake. Mwambie sasa mkulima huyu kwamba umaskini wake unatokana na mitetemo ya chini. Umemwondolea mdaiwa wake lawama yote na kuiweka kichwani mwa mdai. Ndiyo maana sijawahi kuona imani hii ikimsumbua mwenye mamlaka yeyote.

Na hiyo nafsi ya kweli tunayotumwa kuitafuta peke yetu, Mluo wa Ndhiwa aliijua lini? Mtoto hupewa jina la saa aliyozaliwa, na jina la ndugu aliyetangulia kufa, kabla hajajua kutabasamu. Anafika duniani akiwa tayari ni wa watu. Kijana hatoki kwenye simba, nyumba yake ya ujana katika boma la baba, na kwenda kuanzisha boma kwa sababu amejitambua. Huenda na mke, mtoto wa kwanza na mzee wa ukoo, na jogoo, shoka na moto. Hata Gor Mahia wa Kanyamwa, mganga ambaye klabu ya soka ilipewa jina lake mwaka 1968, masimulizi yanamsifu kwa kujigeuza maumbo mbalimbali awahadae maadui. Wazee hawakuuliza lipi kati ya maumbo yale lilikuwa Gor halisi. Waliuliza kama Kanyamwa ililala salama. Sisemi mila zote zirudi, ziko nyingine zilizowaumiza wanawake na zife zilivyokufa. Ila katika jambo hili wazee walikuwa wakweli kuliko wahamasishaji: mtu hujengwa na wanaomdai na wale anaowadai. Mama anayeingia kwenye nyoluoro, kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu, anatoa mchango wake kila wiki hata asipojisikia, na zamu yake inapofika anapata karo ya mtoto. Hakuihitaji siri yoyote.

Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kliniki za Kenya zilizotegemea fedha hizo zikatikisika. Wengi waliokuwa wakiwashauri wagonjwa na kuwafuatilia wakapoteza kazi. Asilimia 88 zile hazikuandikwa kwenye jiwe; hushikiliwa kila mwezi na mishahara, magari ya kusambaza dawa na maabara ya kupimia. Mtu anayewaambia vijana wetu wageukie ndani yao wakati kama huu anawageuzia macho mbali na mlango unaofungwa.

Basi niwaombe jambo moja wale wanaojaza mahema ya semina za mafanikio na kulipa kiingilio. Makadirio ya bajeti ya kaunti hutakiwa kufika kwenye bunge la kaunti kabla ya Aprili kuisha, na Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe katika fedha za umma. Vikao vya kuwashirikisha havina kiingilio, na mara nyingi viti huwa vitupu. Njooni mvijaze. Ulizeni dawa na maabara vimetengewa shilingi ngapi baada ya mfadhili kusimamisha misaada yake, wahudumu wa afya ya jamii watalipwa na nani, na barabara za miwa zitatengenezwa kabla ya mavuno au baada yake. Na msiondoke mpaka majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.