WAYA WA BAHARINI NA HESABU ZA MJI



Hapana mtu mzima katika mji huu aliyezisahau siku za giza. Mei na Juni 2008 Unguja ilikaa takriban mwezi mmoja bila ya umeme. Mwezi wa Disemba 2009 giza likarudi, na mara hii likatukalia miezi mitatu. Dukani tulipima sukari kwa mwanga wa chemli. Lakini hilo lilikuwa jepesi. Pampu za maji nazo zilisimama, na akina mama wakawa hutoka alfajiri na ndoo kutafuta kisima cha kamba.

Waya ule wa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, ulilazwa mwaka 1980, nao ulikuwa wa megawati 45. Kila mwenye macho aliuona mji ukitambaa kwenda Ng'ambo na kuendelea. Mimi muuza duka najua mzani wangu utachakaa, basi kila mwezi huweka kando senti za mzani mwingine. Je, miaka 28 haikutosha kuweka akiba ya waya wa pili? Waya huo, wa megawati 100, ulikuja mwaka 2013 kwa fedha za Marekani, kwa mkataba uliotiwa saini Februari 2008. Aliyepewa hushukuru, nasi twashukuru. Lakini mwenye kungoja kupewa hana khiyari ya siku wala ya kiasi, na katika kungoja huko ndimo lilimotukuta giza.

Husemwa kuwa tumekosa mipango. Sikubali. Ramani za mji tunazo tangu zama: ya Lanchester mwaka 1923, ya Kendall mwaka 1958, ya Wajerumani wa Mashariki mwaka 1968, na ya Wachina mwaka 1982. Kilichokosekana ni fungu la fedha lililofungwa pamoja na ramani, lisiloguswa kwa jambo jingine.

Ama mikopo, wapo wenzetu chamani waonao kila deni ni fedheha. Mimi simo. Mwaka 2011 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 38 kwa huduma za miji yetu, na katika kazi zake ni ukuta wa Mizingani na mitaro ya maji ya mvua. Mtaro utakaotumika miaka 40 ni haki ulipwe na wote watakaoutumia, wajukuu wakiwamo. Dhuluma ni kumrithisha mjukuu deni la mtaro uliokwisha jaa mchanga kwa kukosa wa kuuzoa.

Na jambo hili si geni kwetu. Mtu akiweka nyumba wakfu kwa msikiti au kisima, kodi yake hutumika kwanza kuitengeneza nyumba yenyewe. Kilichobaki ndicho kigawiwacho. Hayo hufundishwa wanafunzi wa fiqhi. Hesabu za mji, kwa nionavyo, huenda kinyume: hugawiwa kwanza, na matengenezo hungojea makombo. Beit al Ajaib iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 na kuua watu wawili, na mafundi walikuwa wamo ndani wakiitengeneza. Walichelewa kuitwa.

Basi twawataka wawakilishi wetu, siku ya bajeti Barazani, wasiridhike na jumla kubwa kubwa za kupendeza masikio. Waulize kwa kila bomba, waya, mtaro na barabara: umri wake ni miaka mingapi, kuibadilisha ni kiasi gani, na mwaka huu kimewekwa nini kwa ajili yake, na kimewekwa wapi. Nikitakiwa kuzidisha malipo ya maji nitazidisha, madhali nitaonyeshwa hesabu. Na ibandikwe mlangoni mwa Baraza la Manispaa, kwa Kiswahili, kwa herufi za kusomeka. Nami nitapita kuisoma kabla sijafungua duka.